Rangi Ikishakauka: Jinsi ya Kurudisha Bodi ya Land Rover ya Kikundi



Kila kikundi cha kujisaidia kina mali moja ambayo wote wanaitegemea. Kwa wengine ni posho mili, kwa wengine ni tangi la maji. Kwetu sisi ni Land Rover ya zamani, Series III, ile ndefu ya inchi 109. Ndiyo hupeleka viazi na maharagwe sokoni. Ndiyo huamshwa usiku mama akishikwa na uchungu. Siku ya mazishi ndiyo hubeba viti na sufuria. Ikilala, kijiji kizima kinajua.

Sakafu ya mbele, pale dereva anapoweka miguu, ilikuwa imeoza mpaka unaona barabara ikipita chini. Tukachanga pesa kwa miezi tisa. Bodi yote ikavuliwa, fundi wa kuchomea akaziba palipooza, na fundi wa rangi akapiga rangi ya kijani. Vipande vilipoanikwa chini ya paa la ghala vilikuwa vinang'aa hata watoto wakitoka shule walikuja kujitazama. Sote tukasema, kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza.

Tulikuwa tumeahidi kubeba mazao siku ya Jumatatu. Kwa hivyo Ijumaa na Jumamosi tukairudisha bodi mbio mbio. Mlango wa dereva ukakataa kufunga. Kijana mmoja akauvuta kwa mtaimbo, ukafunga, lakini rangi kwenye ukingo ikapasuka kama ganda la yai. Mama mweka hazina akauliza, "Na hizi bolti kumi na moja zilizobaki kwenye mkebe, ni za wapi?" Fundi akamjibu, "Hizo ni za ziada, mama." Tukacheka, tukaenda nyumbani.

Jumatatu usiku dereva alirudi na taa hafifu kama kibatari. Kwenye kona ya mto alikuwa karibu amgonge mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli. Alisimama kwa wakati, lakini siku ya pili hakuna aliyecheka tena. Kamati ikakaa na kuamua: hii bodi inavuliwa tena, na mara hii tutafanya pole pole. Tunaandika ili kikundi kingine chenye gari kama hili kisilipe gharama tuliyolipa sisi.

GARI LILILOKUJA KWA VIPANDE

Ni vizuri kujua kwanza gari lenyewe limeundwaje. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo, baada ya vita, chuma kilikuwa adimu Uingereza. Waundaji wakaamua kutengeneza mabati ya bodi kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, na chesisi ikabaki ya chuma. Mtindo huo uliendelea mpaka Series III, ambayo iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Land Rover nyingi za huku kwetu hazikuja zikiwa nzima. Sehemu zake zilipakiwa kwenye makasha Uingereza, zikaletwa kwa meli, na kuunganishwa hapa nchini. Kiwanda cha Thika kilichofanya kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, serikali ikiwa mshirika. Leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Jambo hili lina faida kwa kikundi. Gari lililoundwa ili liunganishwe kwa spana, laweza kuvuliwa na kurudishwa kwa spana hata chini ya mti. Salun za siku hizi nyingi zimechomewa pamoja kuwa kitu kimoja, lakini madigadi ya Land Rover imeshikwa kwa bolti. Ukizifungua zote, unaibeba mikononi.

Lakini kuna upande wa pili. Kila kipande kinategemea jirani yake. Matundu mengi yametobolewa makubwa kidogo kuliko bolti, ili kipande kiweze kusogezwa huku na huku mpaka kikae sawa. Mtu asiyejua hilo hukaza kipande cha kwanza kabisa, cha pili kabisa, na akifika cha tano hakiingii. Hapo ndipo mtaimbo huletwa, na hapo ndipo rangi huharibika. Ndivyo ilivyotupata.

MADINI MAWILI YASIYOPATANA

Watu husema Land Rover haiozi kwa sababu ni alumini. Hiyo ni nusu ya ukweli. Chesisi ni chuma. Ukuta ulio kati ya injini na dereva ni chuma. Mlango una fremu ya chuma iliyovikwa bati la alumini. Popote chuma kinapogusa alumini, maji yakiingia katikati, panakuwa kama betri ndogo. Umeme kidogo sana hupita, na alumini ndiyo huliwa. Utaona rangi imefura kama lengelenge, na ukiikwaruza unapata unga mweupe.

Maji yenye chumvi huharakisha uharibifu huo. Walio pwani wanalijua hili. Sisi wa bara tunajidanganya kwamba hatuna chumvi, lakini tunabeba mbolea. Mbolea iliyomwagika nyuma ya gari ikilowa ni chumvi pia. Hata saruji mbichi hula alumini. Ukibeba vitu hivyo, osha gari siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Kwa hivyo unaporudisha bodi, kazi yako ni mbili: kuweka kila kipande mahali pake, na kuhakikisha chuma na alumini havigusani vikiwa vitupu. Rangi ni ukuta wa kwanza kati yao. Ukiikwaruza wakati wa kufunga, umefungua mlango wa kutu ukiwa umetoka tu kumlipa fundi wa rangi.

JARIBU KABLA YA KUPAKA RANGI

Kosa letu la kwanza tulilifanya kabla rangi haijanunuliwa. Ukuta wa mbele ulikuwa umechomewa mabati mapya. Chuma kikichomewa hujipinda kidogo kwa joto. Ilitupasa kuirudisha bodi yote ikiwa bila rangi, kuona kama milango inafunga, na kurekebisha hapo. Bati lisilo na rangi likikwaruzwa hakuna hasara. Sisi tulipaka rangi kwanza, tukajaribu baadaye.

Wakati wa kuvua, fanyeni hivi:

- Pigeni picha kila sehemu kwa simu kabla ya kufungua bolti yoyote.
- Bolti za kila kipande ziwekwe kwenye mfuko wake, na karatasi iandikwe: "madigadi ya kulia", "bawaba ya mlango wa kushoto", na kadhalika.
- Kwenye baadhi ya viungo mtakuta vibati vyembamba vya kujazia. Vihesabuni na mwandike vilikuwa vingapi na wapi. Si takataka. Aliyeviweka alikuwa na sababu.
- Mtu mmoja tu ashike daftari. Wakishika watatu, hakuna aliyeshika.

Bolti nyingi ndogo za bodi ya Series III ni za inchi. Ile ya kawaida yataka spana ya 7/16. Spana ya milimita 11 inakaribia sana lakini ni ndogo kidogo, na ukiilazimisha unakula kichwa cha bolti. Azimeni spana za inchi kama hamna.

RANGI IMEKAUKA KWELI?

Rangi ikiguswa isishike kidole, watu husema imekauka. Imekauka juu tu. Ndani bado ni laini. Ukiweka mpira juu yake na kukaza bolti, mpira utashikana na rangi, na siku utakayoufungua utatoka nayo.

Rangi ya selulosi hukauka haraka kwa kuwa thina yake huruka hewani, lakini huendelea kusinyaa kwa siku nyingi. Rangi ya enameli huchelewa, na katika baridi ya milimani yaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuwa ngumu kabisa. Fuateni maagizo ya mkebe, kisha mpime wenyewe. Bonyezeni kwa ukucha mahali pasipoonekana, kama upande wa ndani wa madigadi. Ukucha ukiacha alama, ngojeni. Nuseni pia. Rangi inayonuka thina bado haijawa tayari.

Mambo mawili zaidi kuhusu rangi. La kwanza, alumini tupu haishiki rangi ya kawaida vizuri. Inahitaji praima yake maalum inayouma kwenye bati, la sivyo rangi yote itabanduka kwa vipande. Muulizeni fundi ametumia praima gani. La pili, ile rangi inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa, mara nyingi ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumletea mtu ugonjwa wa pumu. Kitambaa puani hakitoshi kuzizuia. Ipulizwe na fundi mwenye vifaa vya kupumulia vinavyofaa, mbali na watoto na nyumba.

VITU VYA KUTAYARISHA

- Bolti, nati na washa mpya zilizopakwa zinki. Za zamani zenye kutu zitaanza kuchafua rangi mvua ya kwanza tu.
- Washa pana. Alumini ni laini, na washa ndogo huzama ndani yake.
- Plastiki nyembamba ya kukata vipande vya kutenga chuma na alumini. Sisi tulikata mtungi mzee wa mafuta ya kupikia, tukauosha vizuri kwa sabuni.
- Rangi kidogo iliyobaki na brashi ndogo ya kugusia palipokwaruzika.
- Utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi, mablanketi na magunia safi.
- Grisi ya kawaida. Msitumie ile yenye unga wa shaba kwenye viungo vya alumini. Shaba na alumini hugombana kuliko hata chuma na alumini.

Tahadhari moja kubwa. Plastiki ni ya viungo vya mabati mepesi tu. Msiiweke kwenye bolti zinazoshika ukuta wa mbele na bodi ya nyuma kwenye chesisi, wala kwenye mikanda ya usalama. Plastiki hubonyea na bolti hulegea. Zile zinabeba uhai wa watu, nazo zikazwe chuma kwa chuma, kisha zipakwe rangi juu.

HATUA ZA KURUDISHA

1. Tayarisheni mahali. Gari lisimame pasipo na mteremko, na matairi yote yawe na upepo wa kutosha. Likiinama upande mmoja, chesisi hujipinda kidogo na milango itawadanganya. Ondoeni waya za betri. Kila mtu avue saa, pete na mshipi wenye chuma. Kwetu mkwaruzo mrefu kuliko yote ulitoka kwenye mshipi wa mwenyekiti mwenyewe.

2. Pakeni rangi ndani ya matundu. Chukueni brashi ndogo mpake kila tundu la bolti na kila ukingo uliokatwa. Watu wengi husahau hapa, na ndipo maji huanzia. Acheni ikauke.

3. Wekeni ukuta wa mbele kwenye chesisi. Ingizeni bolti zake zote, lakini mzikaze kiasi cha kushika tu. Uweze kusogea ukisukumwa kwa nguvu.

4. Wekeni bodi ya nyuma. Watu sita wanatosha, mmoja akitoa amri. Hiyo pia ishikwe tu, isikazwe.

5. Ning'inizeni milango ya mbele. Kwenye Series III mlango una nusu mbili, ya chini na ile ya juu yenye kioo. Wekeni nusu ya chini peke yake. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mlango wa mbele unakaa kati ya ukuta na bodi ya nyuma, kwa hivyo mlango ndio kipimo chenu. Funikeni kingo zake kwa utepe wa karatasi, ufungeni taratibu, na mtazame pengo. Likiwa pana juu na jembamba chini, ukuta umeinama. Usogezeni kidogo, au muongeze vile vibati vyembamba mlivyohesabu. Rudieni upande wa pili. Pengo likiwa sawa kutoka juu hadi chini, na mlango ukifunga kwa kusukumwa na vidole viwili, sasa kazeni bolti za ukuta na za bodi ya nyuma. Kisha mpime milango tena, kwa maana kukaza nako husogeza.

Mara ya kwanza sisi tulikaza ukuta na bodi ya nyuma kabla mlango haujaletwa. Ndiyo maana mtaimbo ulihitajika. Mara ya pili hatua hii peke yake ilichukua siku nzima, na hakuna rangi iliyopasuka.

6. Wekeni uso wa gari, ule unaoshika redieta, kisha madigadi mbili za mbele. Kabla ya madigadi kuingia, tazameni mifereji ya breki na waya zilizoko nyuma yake. Hamtapata nafasi nzuri kama hii tena. Mfereji wenye kutu au unaovuja ubadilishwe sasa. Madigadi ishikwe na watu wawili wenye blanketi, wa tatu aingize bolti. Bolti zote zianzwe kwa vidole, mizunguko mitatu kila moja, kabla spana haijaguswa. Tundu moja lisipolingana, legezeni za jirani na msogeze bati. Msilivute bati kwa bolti. Kisha anzeni kukaza kutoka katikati mkielekea pembeni.

7. Kazeni kwa kiasi. Tumieni spana fupi. Washa ikiacha kuzunguka kwa kidole, ongezeni robo ya mzunguko na mwache. Bati likianza kubonyea chini ya washa, mmepita.

8. Wekeni fremu ya kioo cha mbele na mpira wake wa chini, halafu paa. Paa linyanyuliwe na watu wengi, na mtu mmoja akae ndani ya gari kulielekeza. Likishashikwa mbele na pembeni ndipo mnarudisha nusu za juu za milango, kwa sababu zinapimwa kwa paa.

9. Boneti iwe ya mwisho. Watu wawili, mmoja kila upande, na vitambaa kwenye pembe zote mbili za nyuma. Boneti ikiteleza inakwaruza madigadi mbili na fremu ya kioo kwa mara moja. Ifungeni pole pole mara ya kwanza, mkiangalia kama komeo linaingia katikati.

10. Guseni mikwaruzo siku hiyo hiyo. Hata mkiwa waangalifu, itakuwepo. Tone moja la rangi leo linazuia unga mweupe mwaka kesho.

KWA NINI TAA ZILIKUWA HAFIFU

Sasa tueleze kuhusu lile la kona ya mto, maana ndilo lililotutisha kuliko yote.

Taa ya gari inahitaji njia mbili za umeme, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ni waya unaotoka kwenye swichi. Ya kurudi, katika magari ya zamani, mara nyingi hupitia mwili wa gari wenyewe, chuma kwa chuma, mpaka kwenye betri. Kwenye Series III taa kubwa zimekaa ndani ya madigadi. Sisi tulikuwa tumepaka rangi nzuri kila mahali, hata pale ambapo waya wa kurudi unafungwa. Rangi haipitishi umeme. Zaidi ya hayo, bolti nne kati ya zile kumi na moja za ziada zilikuwa za madigadi ya kulia, na moja ndiyo iliyotakiwa kufunga huo waya. Mama mweka hazina alikuwa ameuliza swali la maana.

Dawa yake ni rahisi. Katika magari ya Kiingereza ya miaka ile, waya wa kurudi ni mweusi. Ufuateni mpaka unapofungwa. Kwaruzeni rangi kwa msasa hapo tu, upana wa shilingi, mpaka bati ling'ae. Fungeni waya na mkaze vizuri, kisha mpake grisi juu ili maji yasiingie. Njia iliyo bora zaidi, na ndiyo tuliyofuata mara ya pili, ni kuvuta waya mweusi mwingine kutoka kila taa kubwa mpaka kwenye chesisi, na kuhakikisha waya mnene wa betri nao umeshika chesisi tupu. Hivyo taa haitegemei tena bolti za bodi.

Pimeni kabla gari halijatoka usiku. Washeni taa kubwa, halafu muongeze indiketa, halafu mkanyage breki. Taa moja ikififia kila nyingine inapowaka, au indiketa ikifanya taa ya jirani nayo ikonyeze, njia ya kurudi ni mbovu. Gari lisiondoke.

ANGALIENI MAFUTA YA BREKI

Mafuta ya breki ya kawaida hula rangi. Tone likidondoka kwenye madigadi mpya na kuachwa, rangi hulainika na kubanduka. Wengi hulipangusa kwa kitambaa kikavu na kudhani wameokoa. Mwagieni maji mengi papo hapo, kwa sababu mafuta hayo huchanganyika na maji na kuondoka. Kabla ya kujaza chombo cha breki au cha klachi, tandikeni kitambaa kilicholowa juu ya madigadi. Na tafadhali, mtu asiongeze oili ya injini humo ati kwa sababu mafuta ya breki yameisha dukani. Oili hiyo huharibu mipira ya breki, na gari litakosa breki.

BAADA YA KUMALIZA

Mwagieni gari maji kwa ndoo, mtu mmoja akiwa ndani aone yanapopenya. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Hakikisheni rangi haijaviziba, kwa kuwa mlango uliojaa maji huoza kutoka ndani na hamtaona mpaka umekwisha. Endesheni pole pole kwenye barabara mbovu, msikilize panapogonga. Baada ya wiki moja pitieni bolti zote tena, hasa zile zenye plastiki.

Mara ya kwanza tulitumia siku mbili. Mara ya pili, pamoja na kupaka upya mlango na madigadi zilizoharibika, tulitumia wiki mbili, na mazao ya watu yalibebwa na gari la kukodi kwa pesa za kikundi. Kwa hivyo zile siku tulizofikiri tumeokoa, ndizo zilizotugharimu.

Tangu wakati huo mvua za msimu zimepita mara mbili. Milango bado inafunga kwa vidole viwili. Rangi ni safi isipokuwa mahali pamoja, chini ya ngazi ya nyuma, ambapo plastiki ilituishia na mtu akasema, "Weka tu hivyo hivyo." Hapo pana lengelenge la ukubwa wa sarafu, na ndani yake ule unga mweupe. Hatujaliziba bado. Tumeliacha kwa muda ili kila kijana anayejifunza kazi alione kwa macho yake.

Na jioni ile ya mara ya pili, kabla ya kuondoka, mama mweka hazina aliuchukua ule mkebe wa bolti akautikisa. Haukulia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mali gani ya kikundi chetu ambayo wengi wanaitegemea? Ikifunguliwa kutengenezwa, nani anaandika kila kitu kinachotoka?
2. Je, tumewahi kuahidi kazi kabla chombo hakijawa tayari? Ilitugharimu nini?
3. Mtu asiye fundi akiuliza swali wakati wa kazi, sisi humjibu au humcheka?
4. Gari letu au trela letu hubeba mbolea na saruji? Huoshwa lini, na ni zamu ya nani?
5. Nani kati yetu hukagua taa na breki kabla ya safari ya usiku?